Rupia Chini ya Ulimi

Anayetaka hadithi ya sungura na fisi ainuke sasa hivi, asije akanikatiza katikati. Mliobaki mna masikio? Mna roho ngumu? Haya. Ninawaletea watu waliotenda jambo moja kwa mikono mingi. Jambo nitalisimulia lote, sifichi. Hukumu ndiyo sina, mtanipa nyinyi.

Palikuwa na mji wa reli chini ya milima ya Usambara, na mjini humo aliishi Mzee Singano, stesheni masta mstaafu. Mke hana, mtoto hana. Alichokuwa nacho ni sinia. Sinia la mbao lililotandikwa mahameli ya kijani, likachongwa vitundu vya duara, na ndani ya kila kitundu imelala rupia ya fedha ya Mjerumani. Mbele mfalme amevaa kofia yenye ndege, nyuma simba chini ya mnazi. Kila mwaka una kitundu chake. Kimoja tu kilikuwa kitupu, kitundu cha mwaka 1894, na kitundu hicho kilimnyima mzee usingizi kuliko jino bovu.

Msidhani hakuwahi kuletewa. Aliletewa, tena si mara moja, lakini zote zimetobolewa. Bibi zetu walizitoboa wakazivaa shingoni, na kwa mkusanyaji rupia iliyotobolewa ni sawa na yai lililonyonywa: ganda lipo, kitu hakuna.

Siku moja, akiwa barazani kwake mbele ya imamu na wacheza bao, Mzee Singano alisema kwa sauti: "Atakayeileta rupia hiyo nzima, bila tundu, akaiweka kwenye kitundu chake, nyumba hii ni yake. Nitamwandikisha nikiwa hai. Mimi nitabaki na chumba kimoja na sinia langu. Wala sitauliza imetoka wapi."

Imamu akamwambia, "Hilo la mwisho ungeliacha, Mzee."

"Nimeshalisema," akajibu, na hakulitengua.

Waliokuwa wakisikiliza kuliko wote ni wapwa zake watatu, watoto wa dada zake marehemu, waliokuwa wakiishi vyumba vya uani. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake, na hakuna aliyekuwa na pengine pa kulaza ubavu.

Wa kwanza ni Mdoe, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kipaji chake ni sikio. Dondosha kitu nyuma ya ukuta, naye atakwambia ni shaba, ni bati, ni chuma, kina ufa au hakina.

Wa pili ni Mandia, mshenga wa ndoa za mji mzima. Kipaji chake ni ulimi. Alikuwa anaweza kumposea mchawi binti wa shehe, na shehe akatoa shukrani.

Wa tatu ni Sechambo, aliyejifunza usonara akafukuzwa kwa wizi. Kipaji chake ni vidole. Akikupa mkono wa salamu, ukiondoka hesabu vidole vyako.

Mwanzo ulikuwa wa Mdoe. Alifika na mzani wake kwa mjane mmoja, Bi Mwanahija, kununua sufuria kuukuu. Bi Mwanahija akaingia ndani kutafuta na kifuniko chake, akafungua sanduku, na kutoka sandukuni kikadondoka kitu sakafuni. Ngriiiii. Mdoe alikuwa uani, ukuta mzima katikati, na mbuzi wanalia. Akaganda na mzani mkononi. Fedha. Ya zamani. Haina tundu, kwa maana iliyotobolewa hulia kwa kukwaruza, na hii ililia kama kengele ya shule.

"Mama, umeangusha nini?"

"Rupia ya nyumba, mwanangu. Mkono umezeeka."

Akaitoa, akamwonyesha, kwa sababu hakuwa na shaka na mtu. Mwaka 1894. Mdoe akaomba kuinunua, akaahidi ng'ombe, akaahidi mabati ya paa. Bi Mwanahija akacheka.

"Hii haiuzwi, baba. Katika nyumba yetu hii haitoki kwa mkono wa mtu. Inatoka kinywani mwa bi harusi tu."

Akamweleza mila yao. Siku ya harusi, mama humwekea binti yake rupia chini ya ulimi. Binti hutembea nayo mpaka kwa mumewe, hasemi, hatemi, kwa maana akitema njiani amemkataa mume na ndoa imekufa. Akifika huidondosha kwenye bakuli la maji mbele ya wanawake, na mlio wake ndio ushahidi kwamba mama hakumtoa mwanawe mikono mitupu. Bwana harusi huitoa majini, huifunga kwenye pindo la kanga ya mkewe, na fundo hilo halifunguliwi mpaka fungate iishe. Siku ya saba bi harusi huiweka tena chini ya ulimi, huitoa mbele za watu, ikalia tena, ndipo huwa mali yake ya kumpa binti yake.

Ndiyo maana ilikuwa haijatobolewa. Shingo zote ziliikosa.

Bi Mwanahija alikuwa na binti mmoja, Tunu. Utotoni aliungua shavu kwa uji, na wachumba walikuwa wakifika mlangoni, wakimwona wanakumbuka wana safari. Umri ukawa unampita, mama yake akihesabu tasbihi.

Mdoe akarudi nyumbani mbio. Na hapo zamu ikawa ya Mandia.

Mandia alikwenda kwa Bi Mwanahija amevaa kanga mpya na uso wa huzuni. Hakusema "nimekuja kuposa." Mjinga ndiye huanza hivyo. Alikaa jamvini akalia.

"Mama, nina ndugu yangu Sechambo. Hali. Halali. Alimwona binti yako kisimani."

"Alimwona upande gani?" Bi Mwanahija akauliza. Mama anajua mwanawe.

"Pande zote mbili. Akaniambia: dada, sura nzuri nimeziona nyingi, zikaniibia. Nataka uso ambao moto umeujaribu ukashindwa."

Tunu alikuwa nyuma ya pazia. Sikilizeni, mwanamke aliyesubiri miaka yote ile, maneno kama hayo hayamwingii sikioni, yanamwingia kwenye damu. Bi Mwanahija akafuta machozi kwa upande wa mtandio. Posa ikakubaliwa. Nani huyo anauliza mahari ilikuwa ngapi? Mimi sihesabu hela za watu. Nyamaza.

Zamu ikawa ya Sechambo. Alimwendea Mzee Singano, akasema, "Mjomba, niazime rupia moja ya sinia, ya mwaka wowote." Mzee akamtazama. Akaitoa kitunduni, akampa, akageuza uso dirishani. Alisema hatauliza, na hakuuliza. Sechambo akaigandamiza kwenye udongo wa mfinyanzi akapata sura ya mfalme na sura ya simba, akayeyusha bati na risasi kutoka kwenye vyuma vya Mdoe, akamimina, akapiga msasa. Ukiitazama kwa mbali, rupia. Ukiidondosha, kifuniko cha soda.

Harusi ikafika. Bi Mwanahija aliisugua ile rupia kwa kitambaa tu, akamwambia binti yake, "Fungua kinywa, mama. Bibi yako aliniwekea mimi hivi hivi." Tunu akafungua. Akatembea mji mzima kinywa kimefungwa, shavu lake lililoungua limepakwa liwa, akaingia nyumba ya Mzee Singano. Wanawake wakaleta bakuli. Akainama, akaidondosha.

Ngriiiii.

Vigelegele vikapasua paa. Mzee Singano, chumba cha pili, alifumba macho kama mtu aliyelishwa asali. Sechambo akatia mkono majini, akaitoa rupia, akaipangusa, akaifunga kwenye pindo la kanga ya mkewe fundo gumu la ndoa. Wanawake arobaini walikuwa wanamtazama mikono, na hakuna aliyeona kitu. Katika kule kupangusa, fedha ilipanda mkononi mwa kanzu na bati likashuka kwenye kanga.

Alasiri ile ile watatu wakaipeleka kwa mjomba wao. Na papo hapo ugomvi. Atakayeiweka kitunduni ndiye mwenye nyumba, basi kila mmoja akamshika mwenziwe mkono. Mzee akasema, "Iwekeni hapa, pembeni ya kitundu. Mkishaelewana, mmoja wenu ataisukuma." Ikalala juu ya mahameli, upana wa kidole kutoka mahali pake, na mzee akawa anaitazama kama mbwa anavyotazama nyama juu ya meza.

Mnasema, na Tunu? Tunu alikuwa kwenye fungate. Na niseme lililo kweli, Sechambo alimtendea vizuri siku zile. Alimmenyea machungwa. Alimshika lile shavu. Hilo ndilo linalonichemsha damu mimi mpaka leo, si lile bati. Mwizi angeiba akanyamaza, lakini huyu alimfundisha mtu kucheka kwanza.

Siku ya saba wanawake wakajaa uani. Tunu chumbani akafungua fundo, akaiweka rupia chini ya ulimi, na akajua. Hakuhitaji kutazama. Fedha kinywani ni baridi halafu inakuwa yako. Hii ilikuwa chungu, ladha ya betri, mate yakajaa. Mlangoni yuko Mandia, wifi yake, anamwambia, "Haya bibie, watu wanangoja."

Sasa mtazameni. Akitema, mila inasema amemkataa mume. Akisema, ametema. Akitembea, anakwenda kujiaibisha kwa miguu yake. Alimtazama Sechambo. Sechambo akatazama dari.

Akatembea. Machozi yanamtiririka, na wanawake wanasema, "Jamani, furaha!" Bi Mwanahija amekaa mstari wa mbele, anapiga makofi. Tunu akainama juu ya bakuli, akachelewa, akachelewa sana, mpaka mtu akacheka. Akaidondosha.

Ta.

Basi. Kama kokoto. Mtu mmoja akasema, "Rudia." Ikarudiwa. Ta.

Ndipo Mandia akasimama, na ulimi wake ukafanya kazi uliyoijia. "Ehe! Siku ya harusi ililia, leo imekuwa bubu. Ni nani aliyelala nayo siku saba? Mama mtu alikuja kumwona mwanawe juzi, hakuja? Wameitoa, wameiuza, wametufungia bati. Nimemposea ndugu yangu binti wa fedha, nimepewa binti wa mkebe!"

Bi Mwanahija aliinuka akasema, "Wallahi, mwanangu..." Sechambo akatoa talaka pale pale, kwa upole, kama mtu anayeumia. Tunu akarudishwa kwa njia ile ile aliyokuja nayo.

Mji ni mji. Waliokuwa wakiazimana chumvi na Bi Mwanahija wakawa wanapitia njia ya nyuma. Watoto wakimwona wanadondosha visoda: ta, ta. Alikuwa akimwambia kila mtu, hata muuza mkaa, "Niapisheni." Hakuna aliyemwapisha. Akaacha kusema, akaacha kula, akafa. Waliomzika walitosha kubeba jeneza, basi, wa kupokezana hawakuwepo.

Kumbe wakati wote ule rupia ipo pale pale, pembeni ya kitundu. Wapwa watatu hawajaelewana. Arobaini ya Bi Mwanahija ilipokwisha, asubuhi moja walikuwa chumbani kwa Mzee Singano wanabishana.

Mdoe anasema, "Bila sikio langu mngeijua? Ingeozea sandukuni. Nyumba yangu."

Mandia anasema, "Ulisikia, ukaahidi ng'ombe, ukachekwa. Sikio halifungui sanduku. Ni mimi niliyeitoa mlangoni. Nyumba yangu."

Sechambo anasema, "Nyinyi mlipiga domo. Niliyeoa ni mimi. Niliyetia mkono majini mbele za watu ni mimi. Ningeshikwa, ningeshikwa mimi. Nyumba yangu."

"Hodi," ikasemwa mlangoni.

Alikuwa Tunu, amevaa kaniki ya msiba, na ubishi wote alikuwa ameusikia akiwa nje.

"Umesahau chungu?" Mandia akamwuliza.

"Sikusahau kitu, wifi. Nimekuja kuiona."

"Kuona nini? Hapa hakuna..."

"Mwache," akasema Mzee Singano.

Tunu akasogea kwenye sinia, akaiokota rupia, akaiweka chini ya ulimi. Mdoe akaruka, "Ataimeza!" Sechambo akaziba mlango. Lakini hakuna aliyemgusa. Amesimama, kinywa kimefungwa, macho yamefungwa, na mle chumbani watu wazima wanne wanamtazama koo. Angeweza kuimeza. Angeweza kuwatemea usoni.

Akaitoa. Ina mate. Akaipangusa kwa ncha ya kaniki, akainama, na kwa kidole chake mwenyewe akaisukuma kitunduni. Ikaingia ikatulia. Mzee Singano akatoa pumzi aliyokuwa ameizuia miaka na miaka.

"Mdoe aliisikia," Tunu akasema. "Mandia aliisemea. Sechambo aliificha. Lakini ndani ya nyumba hii iliingia kinywani mwangu, na kitunduni imeingia kwa kidole changu. Mzee, ulisemaje barazani?"

"Nilisema, atakayeileta akaiweka."

"Basi?"

Watatu wakapiga kelele kwa pamoja. Sechambo akasema mkono uliosukuma upana wa kidole haulinganishwi na mkono ulioiba mbele ya wanawake arobaini. Mdoe akasema hata punda aliyebeba dhahabu haitwi tajiri. Mzee akapiga fimbo sakafuni.

"Sichezi na neno langu. Mwiteni imamu. Waiteni wacheza bao. Walionisikia nikiahidi ndio watakaoamua."

Wakaja, wakakaa jamvini. Tunu akawasimulia yote, mbele ya waliotenda, na hakuna aliyekanusha, kwa sababu kukanusha kazi ni kukanusha nyumba. Hebu lioneni hilo: wezi watatu wakikiri kwa kugombania.

Imamu akasema, "Binti, basi chukua rupia yako uende. Ni mali ya mama yako."

Tunu akatikisa kichwa. "Imetoka kwetu kinywani mwa bi harusi. Bi harusi hairudishi. Na nikiirudisha nimpe nani? Hakuna atakayeniposa tena. Mimi nataka nyumba. Nikae humu, wao watoke, waombe hodi kwangu wakija kuchota maji. Na nataka mji ujue kwamba iliyoingia humu ilikuwa fedha, na mama yangu ndiye aliyeitoa."

Wazee wakaanza kuguna kukubali. Ndipo Mandia akacheka, kicheko kidogo, akasogeza kanga begani.

"Mpeni, wazee wangu. Mpeni nyumba. Kesho mji utasemaje? Utasema, 'Tulisema sisi. Rupia imekwenda kwa Singano, na binti wa Mwanahija amepata nyumba. Waliiuza.' Nyinyi mtazunguka mlango kwa mlango kueleza? Ukipewa nyumba, wifi yangu, mama yako aliuza. Tukipewa sisi, mama yako aliibiwa. Chagua basi unamtaka mama yupi kaburini."

Tunu alimtazama Mzee Singano, na mzee alikuwa anatazama sinia, lililojaa sasa, halina kitundu kitupu hata kimoja.

"Neno langu liko pale pale," akasema bila kuinua uso. "Nyumba ni moja. Mtajeni mtu."

Hadithi yangu inaishia hapo, kwenye jamvi, na jamvi hilo nawaachia. Msiniambie nyumba igawanywe, mzee hagawi. Msiniambie wote wafukuzwe. Aliahidi, na ahadi iliyotolewa mbele za watu ni deni hata kama mdomo ulioitoa umeoza. Kuna aliyeisikia, bila yeye isingejulikana. Kuna aliyeisemea, bila yeye isingetoka. Kuna aliyeibadilisha, bila yeye isingebaki. Na kuna aliyeibeba mara mbili chini ya ulimi, ambaye akipewa haki yake uongo juu ya mama yake unavaa nguo ya ukweli, na akinyimwa, waliomwua mama yake watalala juu ya kitanda cha fungate yake.

Tunu bado amesimama kando ya sinia, hakai. Wewe uliye jamvini, macho yake yako kwako: utamtaja nani?